Miaka Arobaini na Mmoja na Tangi Nyuma ya Mgongo

"Tangi limekaa nyuma ya kiti miaka hamsini na minne bila kumdhuru mtu yeyote. Lirudi lilikotoka."

Hayo aliyaandika mwenyekiti wa halmashauri yetu, Galen Stucky, katika toleo la Aprili la jarida hili hili, ukurasa wa pili, chini ya picha ya pikapu ya chama. Galen ni mkulima hodari na mwimba besi mzuri kanisani. Hesabu yake ya miaka ni sahihi. Yaliyobaki katika sentensi ile si kweli, na kwa kuwa nimeombwa kuandika wasifu wa mtu aliyedhuriwa na tangi hilo, nitaanza hapo hapo.

Delmar Unruh, fundi wa karakana ya Ushirika wa Wakulima wa Ebersole, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Mei 2019, baada ya miaka arobaini na mmoja kasoro siku tano. Siku tano hizo amesisitiza mwenyewe zitajwe. "Usinipe nisichokifanyia kazi," aliniambia akiwa chini ya lori la ngano, viatu tu vikionekana. Nikamwambia hakuna atakayeenda kuhesabu. Viatu vikajibu: "Mimi nimeshahesabu."

Aliingia kazini tarehe 5 Juni 1978, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne, wiki mbili kabla ya mavuno. Siku ya kwanza alikabidhiwa kombaini, mashine ya kuvunia ngano, iliyomeza waya ya uzio. Aliitoa waya hiyo kipande kwa kipande hadi jioni, akaikunja vizuri na kumrudishia mwenye shamba, kwa sababu, alisema, huenda uzio unaihitaji. Tangu hapo hakuna mashine ya mkoa huu ambayo hajailalia chini.

Wenye umri wangu wanakumbuka mavuno ya mwaka 1997, lifti ya kupandisha nafaka ghalani ilipokatika ufunguo wa gia, kile kipande cha chuma kinachoishika gia kwenye mhimili wake, na malori arobaini yakapanga foleni hadi barabara kuu huku wingu jeusi likija kutoka magharibi. Kipuri kilikuwa mbali siku mbili. Delmar aliingia ofisini, akapindua kiti cha meneja, akakata mguu mmoja wa chuma, akauchonga kwa tupa, na lifti ikazunguka kabla tone la kwanza halijaanguka. Meneja wa wakati ule alitoka nje akifoka. Delmar akamwambia, "Bosi, keti kwanza, upumzike." Meneja akauliza, "Nikae kwenye nini, Delmar?" Foleni nzima ilicheka. Galen alikuwa lori la sita katika foleni hiyo, na ngano yake ilifika ghalani ikiwa kavu.

Hayo ndiyo mafanikio yanayosomwa kwenye sherehe, na yote ni ya kweli. Lakini sherehe hupenda kumsifu fundi kwa alichotengeneza mbele ya watu. Mimi nataka kumsifu kwa kitu alichotengeneza akiwa peke yake, kwa kuwa ndivyo alivyofanya kazi nusu kubwa ya maisha yake, na kwa kuwa Jumatatu tarehe 3 Juni, siku tatu baada ya kuondoka kwake, halmashauri itapiga kura kukibomoa.

Pikapu ilinunuliwa mpya mwaka 1965. Magari ya wakati ule yaliundwa tangi la petroli likiwa ndani, limesimamishwa nyuma ya kiti kimoja kirefu, dereva na abiria wakiegemea lita sabini za petroli kwa bati jembamba tu katikati. Ukifunga breki unaisikia ikijipiga nyuma ya masikio. Shingo ya kujazia hutokea ubavuni, nyuma ya mlango, ikizungukwa na mpira; jua la Kansas huukausha mpira, na siku ya joto tangi lililojaa hupumulia mvuke wake ndani. Delmar aliubadilisha mpira ule mara kumi na tisa. Najua, maana mimi hukaa kaunta ya vipuri, na kumi na moja za mwisho nilimwagizia mimi.

Desturi ya zamani ilikuwa mafundi wawili kwenda shambani pamoja. Delmar alikwenda na Harlan Regier, mtu wa utani, aliyetafuna sigara miaka kumi na tano bila kuiwasha. "Nikiiwasha hii, Delmar, tutafika kwa Mungu kabla hatujafika kwa mteja." Harlan alistaafu mwaka 1993. Aliyeletwa mahali pake alipanda pikapu hiyo siku tatu, akaumwa kichwa siku tatu, akaomba gari lake. Akapewa. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu hakuletwa. Chama kilikuwa kimegundua kwamba mtu mmoja anatosha, na hakuna aliyejiuliza anatosha kwa nini.

Neva, mkewe, ndiye aliyejaribu kwa muda mrefu kuliko wote. Jumamosi alipenda kumsindikiza kupeleka vipuri, na kikapu cha mikate iliyojazwa kabichi na nyama kikiwa mapajani. Siku moja Julai alishuka njiani akatapika mtaroni. Nilimsikia mwenyewe, Jumatatu yake, hapa kaunta, mbele ya watu: "Nakupenda wewe, Delmar, lakini sikukubali kuolewa na kituo cha petroli." Tangu siku hiyo akawa anamfuata kwa gari lake dogo, mita mia mbili nyuma ili asile vumbi lote. Kila walipofika njia panda, Delmar alisimama, Neva akajipanga kushoto kwake, wakateremsha vioo, wakazungumza. Wakulima wengi waliwakuta hivyo, magari mawili yamesimama sambamba katikati ya ngano, injini zinanguruma, hakuna aliye na haraka. Neva alifariki mwaka 2015. Delmar alichukua likizo ya siku nne na akarudi.

Sasa nimwulize mwenyekiti: tangi halikumdhuru mtu yeyote? Nenda karakana, fungua mlango wa pikapu, utazame kiti. Upande wa dereva kitambaa kimeisha, sponji imeisha, springi zimelala, na Delmar ameweka kipande cha mbao chini ya mto ili asigonge chuma. Upande wa abiria ni mpya. Kitambaa bado kigumu, mishono yote ipo, rangi ya kijani ni ile ya mwaka 1993, kiti kizima kiliposhonwa upya Harlan alipostaafu. Kiti ni kimoja, jua ni lile lile, vumbi ni lile lile. Nimesoma ripoti nyingi za chama hiki, na hakuna hata moja inayosema ukweli kama kitambaa kile. Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu alikwenda mashambani na kurudi peke yake, akala mchana mlango ukiwa wazi hata kwenye theluji, na mazungumzo yake ya siku nzima yalikuwa kidole kimoja kilichoinuliwa kwenye usukani kila alipopishana na gari, na kidole kimoja kilichoinuliwa upande wa pili. Tunajivunia sana kidole hicho hapa Ebersole. Tunakiita ujirani.

Wala mimi sijitoi lawamani. Mara ngapi Delmar alisimama kaunta akasema, kama anayesema na ukuta, kwamba anakwenda hadi mtoni na kurudi, na siku ni nzuri? Nilimjibu kila mara kuwa nina hesabu ya vipuri. Hesabu ya vipuri hufanywa mara mbili kwa mwaka.

Februari mwaka huu kutu ilimaliza kazi yake. Mshono wa chini wa tangi ulifunguka, petroli ikamwagika kwenye sakafu, karibu na miguu yake, na hita ikiwaka. Alizima gari, akashuka, akalisukuma hadi nje ya karakana kwa bega. Halmashauri ikamwagiza atie tangi jipya. Hilo tu liliandikwa kwenye karatasi: tangi jipya. Mahali halikutajwa, maana hakuna aliyefikiri kwamba tangi lina mahali zaidi ya lilipokuwa.

Hapa ndipo mnapaswa kumjua fundi. Mwingine angefungua katalogi. Delmar alichukua maboksi ya vichungi vya mafuta, akayakata, akayagundisha kwa gamu na kujenga tangi la kadibodi lenye vipimo kamili vya lile la chuma. Kwa muda akafunga tangi dogo la mashua kwenye sehemu ya mizigo ili gari litembee. Kisha kila wiki akalitundika tangi la kadibodi mahali tofauti na kwenda nalo kazini kama kawaida: barabara za kokoto, mashamba ya mabua, mitaro. Ijumaa alilishusha, akaliweka juu ya meza, akalisoma.

Wiki ya kwanza alilitundika ubavuni, nje ya boriti ya chasisi, chini ya mlango. Pana nafasi tele hapo, na watu wengi waliohamisha matangi yao waliyaweka hapo kwa sababu hiyo tu. Kadibodi ilirudi imetobolewa na kokoto za tairi la mbele katika sehemu ishirini na tatu. Alizizungushia chaki zote. Lakini hakupakataa kwa sababu ya kokoto. Alipakataa kwa sababu ya njia panda zetu. Agosti mtama ukiwa mrefu huoni gari linalotoka upande hadi liko juu yako, na kila mwaka mtu hugongwa ubavuni. Alinionyesha kwa kidole: "Hapa ndipo tutagongwa. Na hapa nimeweka petroli. Nitakuwa nimemsaidia nani?"

Wiki ya pili alilijaribu ndani ya sehemu ya mizigo, nyuma ya dirisha. Lilikula nafasi ya sanduku la zana, na Alhamisi mtu alilirundikia juu magunia sita ya chumvi ya ng'ombe. Likabonyea kama kofia iliyokaliwa.

Wiki ya tatu alilipandisha chini ya gari, nyuma ya ekseli, katikati ya boriti mbili za chasisi, mahali linapotundikwa tairi la akiba. Jumatano kadibodi ilikuwa na vumbi tu na pembe moja iliyobabuka kwa joto la bomba la moshi. Delmar alikuwa tayari amechora jinsi ya kulihamishia bomba upande wa pili. Alikuwa akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu 2015.

Jumamosi Galen akaazima pikapu. Mwaka huu chama kinatimiza miaka mia, tarehe 15 Juni kuna gwaride, na pikapu itabeba bendera. Galen akataka kufunga kishikio cha mlingoti. Akafanya alichofanya baba yake, na alichofanya kila mwanamume wa mkoa huu tangu pikapu ya kwanza ilipofika: akachukua drili, akatoboa sakafu ya mizigo bila kuangalia chini. Hakuna sakafu ya pikapu hapa isiyo na matundu. Tunatoboa kwa ajili ya winchi, kwa ajili ya ndoano ya trela, kwa ajili ya banda la mbwa. Mtu akinunua gari jipya, drili hulizindua kabla ya mkewe. Galen alitoboa matundu mawili, safi kabisa, na yote mawili yakapita katikati ya tangi la kadibodi.

Alicheka kwa sauti alipoonyeshwa, na sikatai, nasi tulicheka. Kisha akayafanya matundu hayo ushahidi. "Mnaona? Hapo hapafai. Mpumbavu yeyote mwenye drili atalilipua." Delmar akamjibu taratibu, "Mpumbavu yeyote, Galen, au mmoja tu?" Galen akakunja uso: "Na ukigongwa kwa nyuma je?" Delmar akafuta mikono. "Nani atanigonga kwa nyuma? Hakuna anayenifuata tena." Wanaume walianza kucheka hilo nalo. Halafu wakaacha, mmoja baada ya mwingine, na mtu akauliza kama kahawa bado ipo.

Wiki iliyofuata likatoka toleo la Aprili na ile sentensi. Nilimpelekea Delmar nakala karakana. Akaisoma amesimama. "Mwambie Galen nimesoma," akasema. "Mwambie nimesoma mara mbili." Kisha akashika kichomeleo. Katika miaka arobaini na mmoja kasoro siku tano, hii ndiyo mara pekee aliyokaidi agizo.

Na tazameni alivyokaidi. Tangi la chuma limekaa katikati ya boriti mbili, juu ya usawa wa ekseli, bomba la moshi limehamishwa na bati la kukinga joto liko katikati yake. Nyuma ya tangi amechomelea boriti nzima iliyotoka kwenye lori la ngano lililokufa, kwa hiyo swali la Galen alilijibu kwa chuma baada ya kulijibu kwa mdomo. Juu ya tangi ameweka bamba ambalo drili ya kawaida ikiligusa italia na kuvunjika. Na mdomo wa kujazia hakuupeleka ubavuni, mahali pazuri kwa macho. Ameuweka kwenye sakafu ya mizigo yenyewe, chini ya kifuniko chenye bawaba kilichopakwa rangi nyekundu, sentimita kumi kutoka matundu ya Galen. Nilimwuliza kwa nini hapo, ambapo utainama kila ukijaza. Akasema mtu mwenye drili haangalii chini ya gari, lakini huangalia anapotoboa. Akiona kifuniko cha petroli mkono utasita. "Siwezi kuwabadilisha, basi nawatengenezea." Mkitaka sentensi moja ya kuweka kwenye cheti chake, iwe hiyo.

Alhamisi tarehe 9 Mei alisimama kaunta akasema, kama anayesema na ukuta, kwamba anakwenda hadi mtoni na kurudi. Nikafunga daftari. Nilikaa kwenye kile kitambaa kigumu cha kijani, na kiti kilinipokea kama kiti cha dukani. Hapakuwa na harufu ya chochote, vumbi tu na ngano. Mahali pa tangi la zamani, nyuma yetu, palikuwa wazi. Alisema mtu ataweka mfuko wake wa chakula. Hakusema mtu gani. Tulikwenda kilomita nane bila kuzungumza, si kwa kununa, bali kwa sababu hakujua jinsi ya kuanza akiwa na mtu ndani. Tulipofika njia panda ya kwanza alisimama. Hapakuwa na gari upande wowote. Unaona hadi mwisho wa dunia mwezi wa Mei. Akateremsha kioo cha kushoto. Akakaa hivyo, mkono kwenye mlango, injini inanguruma, upepo unaingia. Baada ya muda akageuka upande wangu, akanitazama kama aliyesahau kwamba nipo, akasema, "Basi. Habari za kaunta?"

Tulizungumza hadi mtoni na kurudi. Sikumbuki kama aliwahi kuzungumza sana hivyo. Nakumbuka kwamba sikumwambia samahani, na nilipaswa.

Kuhusu tangi kurudi nyuma ya kiti, hoja ya Galen ni gwaride. Waamuzi wa magari ya zamani watapiga magoti na tochi, na gari lisilo kama lilivyotoka kiwandani halipati utepe wa ushindi. Hiyo ni hoja halali ya kupata utepe. Mkutano wa tarehe 14 Mei haukuamua, ukaahirisha hadi 3 Juni, na sote tunajua kwa nini: hakuna aliyetaka kupiga kura hiyo Delmar akiwa bado kazini, akisikiliza upande wa pili wa ukuta. Akiondoka, karakana itafungwa, kazi zitapelekwa mji mwingine, na ukuta alioandika kwa chaki maradhi ya kila mashine ya mkoa utapakwa chokaa. Hayo yameshapitishwa, sina la kuyafanya. Lakini msiseme mnahifadhi historia. Historia ya pikapu hii ni mtu mmoja upande mmoja wa kiti, na ndiyo mnayotaka kuirudisha kwa skrubu mpya.

Delmar, kwa niaba ya ghala, mizani, ofisi na kaunta, tunakushukuru kwa waya uliyoikunja, kwa mguu wa kiti cha meneja, kwa kila kombaini iliyolala ikaamka. Tunakuombea afya, bustani isiyoliwa na kulungu, na Jumamosi ambazo mtu anabisha mlangoni bila kuwa na kitu kilichoharibika.

Na ninyi saba wa halmashauri: tarehe 3 Juni pigeni kura tangi libaki alipoliweka. Kabla ya hapo, Ijumaa hii saa saba mchana, keki ikiwa bado haijakatwa, Delmar anazunguka mashamba mara ya mwisho kuaga watu. Mtu mmoja miongoni mwenu aende naye. Galen, nenda wewe. Drili iache nyumbani. Mlango wa abiria ni mgumu: inua kitasa juu kidogo kwanza, ndipo uvute. Najua huwezi kulijua hilo. Na akisimama njia panda akateremsha kioo, usimwambie barabara haina gari. Kaa naye.